Tomi ana miaka mingapi?

Najua nimewatupa, lakini kazi za chumba cha habari mnazijua wenyewe. Leo sina habari ya Bunge wala ya mgawo wa umeme. Leo nataka tuongee umri wa mbwa. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho, maana nilianza na mbwa nikajikuta naongea habari za baba yangu.

Iko hivi. Juni 2024 jirani yangu hapa Kimara alihamishiwa Dodoma kikazi. Alikuwa na mbwa dume wa rangi ya kahawia, anaitwa Tomi. Kule alikokuwa anahamia alipata nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki mbwa. Akanifuata jioni moja, akaniambia, "Mdogo wangu, mchukue huyu. Bado kijana, ana miaka mitatu tu. Atakulindia mpaka uoe."

Nikamchukua. Nani anakataa mlinzi wa bure?

Sasa wale mnaofanya kazi kama yangu mnajua kitu kimoja. Gazetini kila mtu tunayemtaja tunamwekea umri kwenye mabano. Mkazi wa Manzese (35), mkulima wa Kilosa (52). Mhariri wangu habari ikimfika bila mabano anairudisha kama ilivyo. Nimeandika mabano hayo mamia ya mara, na sikuwahi kujiuliza namba iliyomo ndani imetoka wapi. Tomi ndiye aliyenifanya nijiulize.

Wiki ya pili nilipokuwa namwogesha nikaona uvimbe chini ya kwapa, mkubwa kama yai la kuku. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Mzee yule alipapasa uvimbe, akauliza, "Ana miaka mingapi?"

"Mitatu, daktari."

Akamfungua mdomo, akauinua ufizi kwa kidole gumba, akatazama kama fundi saa. Kisha akaniangalia mimi.

"Nani kakwambia mitatu?"

"Aliyekuwa mwenye mbwa."

"Basi kakuuzia."

"Hakuniuzia daktari, kanipa bure."

"Ndiyo hivyo, kakuuzia bure. Huyu ana kati ya sita na tisa."

Akanieleza kwa nini swali lile si la kujaza fomu tu. Uvimbe ulitakiwa kutolewa, na kuutoa ni lazima mnyama apigwe nusu kaputi. Mbwa wa miaka mitatu anavumilia dawa ya usingizi kirahisi. Mbwa wa miaka tisa inabidi kwanza aangaliwe moyo, figo na ini, gharama inapanda, na hatari pia. Mwenzangu ninayepanga naye aliposikia bei akasema wazi kabisa, "Hela yote hiyo kwa mbwa mzee? Kama ni mitatu sawa. Kama ni tisa, mwache amalizie siku zake."

Kwa hiyo namba ile ndiyo ilikuwa inaamua Tomi akatwe au aachwe. Nikaamua kufanya kazi niliyosomea, nikaanza kuchimba. Nilichokikuta ni historia ndefu kuliko nilivyotegemea.

Tuanze na meno

Mbwa anazaliwa bila meno. Wiki ya tatu hadi ya sita anaota meno ya utoto, 28 kwa jumla, membamba na makali kama sindano. Kati ya miezi mitatu na saba hayo yanang'oka na yanakuja ya ukubwani, 42. Kwa hiyo mbwa akiwa chini ya miezi saba, daktari anaweza kukutajia umri wake karibu na ukweli kabisa. Baada ya hapo saa inasimama, na kinachobaki ni kuangalia namna meno yanavyochakaa.

Watu wamelijua hili zamani sana. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba mbwa kijana na mbwa mzee unawatofautisha kwa meno: ya kijana ni meupe na makali, ya mzee ni meusi na butu. Akataja na umri wa kuishi. Mbwa dume wa kuwindia wa Sparta, alisema, anaishi miaka kama 10 na jike 12, na mbwa wengine hufika 14 au 15, wachache 20. Hapo akamkumbuka mbwa wa Odysseus katika hadithi ya Homer, aliyemsubiri bwana wake miaka 20 na kufa siku aliporudi. Wengine, alisema, wanaona Homer hakutia chumvi.

Lakini sayansi ya kusoma meno haikukuzwa kwa ajili ya mbwa. Ilikuzwa kwa ajili ya farasi, kwa sababu farasi alikuwa mali. Farasi kijana ana bei, farasi mzee hana, na muuzaji siku zote anasema ni kijana. Ndiyo maana mnunuzi alijifunza kufungua mdomo wa mnyama kabla ya kufungua mfuko wake. Na muuzaji naye hakulala. Uingereza kulikuwa na ufundi kabisa wa kutoboa meno ya farasi mzee na kuyachoma kwa chuma cha moto, ili yapate lile doa jeusi linaloonekana kwa farasi kijana. Wenyewe wanajua magari yetu ya mtumba yanavyorudishwa namba za kilomita. Ni mchezo uleule.

Chuo cha kwanza cha udaktari wa mifugo duniani kilifunguliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1762, na mwanzilishi wake, Claude Bourgelat, alikuwa mkuu wa shule ya kupanda farasi. Mbwa alikuja nyuma. Mwaka 1894 walimu wawili wa Lyon, Cornevin na Lesbre, walitoa kitabu kizima kuhusu umri wa wanyama wa kufugwa kwa kuangalia meno, pembe na kwato, na mbwa akapata nafasi yake humo.

Somo lenyewe kuhusu mbwa ni zuri. Meno ya mbele ya mbwa kijana hayana ncha moja, yana vidole vitatu, cha kati kikubwa na vya pembeni vidogo. Wafaransa waliona yanafanana na ua la yungiyungi, nembo ya wafalme wao wa zamani, wakayaita hivyohivyo. Ua hilo linalika kwa zamu. Linaanza kupotea kwenye meno mawili ya katikati ya chini mbwa anapokuwa na mwaka mmoja na nusu hivi, halafu yanafuata ya pembeni yake, halafu ya juu, na mbwa akifika miaka mitano au sita hakuna jino la mbele lililobaki na ua. Zikitimia hizo, chonge nazo zinaanza kuwa butu.

Tomi hana ua hata moja. Ndiyo maana daktari alianzia sita.

Kwa nini basi asiniambie namba moja? Kwa sababu jino haliandiki miaka, linaandika kazi. Mbwa anayekula wali laini na mbwa anayeguguna mifupa, mawe na waya wa uzio hawachakai sawa, hata kama wamezaliwa siku moja. Mvi za mdomoni nazo zinadanganya. Watafiti wa Marekani waliochunguza mbwa 400 na kuchapisha matokeo mwaka 2016 walikuta kwamba kati ya mbwa wadogo wa mwaka mmoja hadi minne, wenye woga na wasiotulia ndio waliokuwa na mvi za mapema zaidi. Macho kuwa na ukungu wa bluu kunaonyesha kwamba mbwa ameingia utu uzima, si lazima ni mtoto wa jicho, lakini hakukupi mwaka. Vyote hivyo ukiviweka pamoja vinakupa mwanzo na mwisho, katikati unabaki gizani.

Na watoto wa viwandani je?

Hapa ndipo nilipoacha kucheka. Katika kutafuta habari za meno nilikutana na kijitabu cha London cha mwaka 1837, na hakikuwa cha wanyama. Kilikuwa cha watoto.

Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya viwanda vya nguo. Mtoto chini ya miaka 9 asiajiriwe, isipokuwa kwenye viwanda vya hariri, na wale ambao hawajafika 13 wasifanye kazi zaidi ya saa 48 kwa wiki. Sheria nzuri. Tatizo ni kwamba usajili wa serikali wa vizazi haukuwapo. Mtoto alipelekwa kwa daktari, daktari akamtazama, akaandika cheti kwamba huyu ana nguvu na umbo la mtoto wa miaka fulani. Mwenye kiwanda alitaka mtoto aonekane mkubwa ili afanye kazi saa nyingi. Mzazi maskini naye alitaka hivyohivyo, maana ujira wa mtoto ulikuwa chakula cha nyumbani. Mtoto mwenyewe hakuulizwa.

Kukawa na pendekezo la kuwapima urefu. Ndipo daktari wa meno kijana, Edwin Saunders, akaandika kijitabu chake kwa ajili ya Bunge. Alikuwa ameangalia vinywa vya watoto wapatao 1,000, akasema urefu unadanganya kwa sababu njaa inadumaza, lakini meno ya ukubwani yanaota kwa ratiba inayobadilika kidogo zaidi. Kwa lugha nyingine: mkiona mtoto mfupi msidhani ni mdogo, na mkiona mrefu msidhani ni mkubwa, mfungueni mdomo. Saunders baadaye alikuwa daktari wa meno wa Malkia Victoria.

Usajili wa vizazi wa serikali kwa Uingereza na Wales ulianza mwaka uleule, tarehe 1 Julai 1837. Niliposoma tarehe hiyo nikashtuka kidogo. 1 Julai ndiyo siku ya kuzaliwa ya baba yangu. Yaani, ndiyo iliyoandikwa.

Sikio la baba

Wengi wenu wazazi wenu wamezaliwa 1 Julai au 1 Januari. Angalieni vitambulisho vyao. Siyo kwamba wazee wetu walikuwa wakipanga uzazi kwa kalenda. Ni kwamba karani alikuwa na kisanduku cha tarehe na hakuna aliyekuwa na tarehe, akajaza.

Kabla ya hapo, enzi za ukoloni, umri ulihitajika kwa ajili ya kodi ya kichwa. Kijana akihesabiwa mtu mzima, analipa. Cheti cha kuzaliwa hana, kwa hiyo aliyeamua ni jicho la anayekusanya kodi. Baada ya Uhuru umri ukahitajika kwa ajili ya shule, na kipimo chake kila mtu mwenye wazazi wa umri wa wangu anakijua: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shika sikio la kushoto. Ukilifikia, umefika umri. Usipolifikia, rudi nyumbani, njoo mwakani.

Baba alipelekwa shule mwaka 1966. Ana mikono mirefu mpaka leo, akisimama inakaribia magoti. Anasema alilishika sikio na kupitiliza mpaka shavuni. Mwalimu akamtazama, akaona huyu alichelewa kuletwa, akamwandikia mwaka 1957. Tarehe na mwezi akaweka 1 Julai, katikati ya mwaka, asikosee sana upande wowote. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto mlangoni na kalamu mkononi.

Bibi, mama yake baba, hakujua kusoma, lakini kuna jambo alikuwa akilirudia mpaka anafariki. Siku bendera ya Uhuru inapandishwa, Desemba 1961, yeye alikuwa amembeba baba mgongoni, amejifunza kutembea lakini bado ananyonya. Pigeni hesabu wenyewe. Mtoto aliyezaliwa Julai 1957 angekuwa na miaka minne na nusu siku ile. Kwa kauli ya bibi, baba alizaliwa 1959 mwishoni au 1960.

Kwa miaka 50 jambo hilo lilikuwa utani wa nyumbani. Halafu ikafika 1 Julai 2017, baba akatimiza miaka 60 kwenye karatasi, akastaafu kwa lazima kama sheria ya utumishi inavyosema. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita miezi miwili kabla. Miaka miwili au mitatu ya mshahara iliondoka pale pale ambapo ada ya chuo ilikuwa inaanza. Mafao yake yakasomesha mtoto badala ya kumalizia nyumba. Nyumba hiyo mpaka leo haina dari. Hakuna mtu wa kumlaumu, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Msidhani ni mambo ya wazee tu. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba Tanzania Bara ni takriban asilimia 13 tu ya watu waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Ndiyo maana makarani wa sensa huwa wanabeba kalenda ya matukio: Uhuru, Azimio la Arusha la 1967, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mambo ya wilaya husika. Wanamuuliza mama, ulipokuwa unaolewa jambo gani lilitokea? Pamoja na hayo, takwimu bado zinajaa watu wa miaka 30, 40 na 50 kuliko wa 31, 41 na 51. Watu wanataja namba za duara. Wataalamu wa idadi ya watu wana kipimo maalumu cha kugundua tabia hiyo, kwa hiyo haiko kwetu peke yetu.

Mara saba imetoka wapi?

Turudi kwa Tomi. Kila niliyemsimulia aliniambia jambo lilelile: zidisha kwa saba upate umri wake wa kibinadamu. Nikaifuatilia nayo.

Ya zamani zaidi niliyoikuta iko kwenye sakafu ya mawe ya kanisa la Westminster Abbey, London, iliyowekwa mwaka 1268. Maandishi yake yalikuwa ni hesabu ya mwisho wa dunia. Ua wa miti unaishi miaka 3, mbwa mara tatu ya huo, farasi mara tatu ya mbwa, binadamu mara tatu ya farasi, na kuendelea kupitia kunguru, tai na nyangumi mpaka dunia yenyewe. Kwa hiyo mbwa 9, binadamu 81. Hapo ni mara tisa, siyo saba.

Karne ya 18 Buffon, mwanasayansi wa Ufaransa, akasema urefu wa maisha unalingana na muda wa kukua. Mbwa anakua miaka kama miwili, kwa hiyo anaishi saba mara mbili, yaani 14. Saba imeingia, lakini hakuwa akilinganisha mbwa na mtu. Hesabu ya mitaani ninayoiona mimi ni nyepesi tu: mtu 70, mbwa 10, gawanya.

Tatizo lake unaliona mara moja. Mbwa wa mwaka mmoja anaweza kuzaa. Umeona wapi mtoto wa miaka saba mwenye watoto? Mwaka 1953 daktari Mfaransa aitwaye Lebeau akarekebisha: mwaka wa kwanza wa mbwa ni sawa na 15 ya mtu, wa pili unafikisha 24, na baada ya hapo kila mwaka ongeza minne. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakaja na njia nyingine. Waliangalia alama za kemikali zinazojibandika kwenye DNA kadiri kiumbe kinavyozeeka, wakilinganisha mbwa 104 wa aina ya Labrador na binadamu. Wakakuta mbwa anazeeka mbio sana mwanzoni halafu anapunguza mwendo. Mbwa wa mwaka mmoja kwa hesabu yao yuko kwenye 31. Nao hawakufichua siri ya mbwa wote, maana waliangalia Labrador tu, na inajulikana mbwa wakubwa wa mwili huzeeka haraka kuliko wadogo.

Chukua mbwa wa miaka saba na nusu umpitishe kwenye mizani zote. Lebeau anampa 46. Mara saba inampa 52 na nusu. San Diego 63, amestaafu tayari. Sakafu ya Westminster 67 na nusu. Mbwa mmoja, namba nne. Na zote zinahitaji kwanza ujue ile saba na nusu, ambayo ndiyo mimi sikuwa nayo.

Yaliyompata Bobi

Kama mnadhani wenzetu wa Ulaya wenye makaratasi wamelimaliza tatizo hili, sikilizeni ya Bobi. Februari 2023 Guinness World Records walimtangaza mbwa wa Ureno aitwaye Bobi kuwa mbwa mzee kuliko wote waliowahi kuwapo, miaka 30. Aliyekuwa akishikilia rekodi hiyo ni Bluey wa Australia, aliyezaliwa 1910 na kufa 1939, miaka 29 na miezi mitano. Bobi alikufa Oktoba 2023, ikatangazwa kwamba alikuwa na miaka 31. Magazeti ya dunia nzima yakaandika.

Madaktari wa mifugo wakaanza kuguna. Guinness wakarudi kuchunguza, na Februari 2024 wakamvua rekodi. Sababu yake ndiyo nilitaka mfike nayo. Umri wa Bobi uliingizwa kwenye mfumo wa serikali pamoja na ile chipu ya utambulisho mwaka 2022, na kwa mbwa waliozaliwa kabla ya 2008 sheria ya Ureno haikuwa ikidai ushahidi wowote wa tarehe ya kuzaliwa. Mwenyewe akitaja, inaandikwa. Chipu ya kisasa kabisa, na ndani yake kauli ya mtu. Guinness hawakusema Bobi hakuwa mzee. Walisema hakuna ushahidi wa kutosha.

Ukiangalia visa vyote hivi utaona kitu kimoja. Mwili hauna tarehe. Mwili unatoa kipindi, kati ya hapa na hapa, na katikati ya kipindi hicho anayetaja namba ndiye anayechagua. Muuzaji wa farasi anavuta chini. Mwenye kiwanda na mkusanya kodi wanavuta juu. Jirani yangu alivuta chini ili mbwa apate pa kukaa, na simlaumu. Mwalimu wa baba alikuwa na haraka tu. Anayejua tarehe kweli ni yule aliyekuwapo siku ile na akakumbuka kilichokuwa kikitokea. Bibi yangu alikuwa na ushahidi bora kuliko rejista, lakini hakuna aliyemuuliza.

Basi nikaenda kuuliza

Nilianza na mlinzi wa mtaani kwetu. Akasema usiku wa Machi 17, 2021, tangazo la kifo cha Rais Magufuli lilipotoka, watu walitoka nje na simu zao, na Tomi alibweka mpaka asubuhi. "Alikuwa dume zima kijana wangu, siyo mtoto." Ile mitatu ikafa hapo hapo.

Kisha nikampigia mke wa jirani, Dodoma.

"Shikamoo mama. Samahani, Tomi mlimpata lini hasa?"

Akacheka. "Mume wangu alikwambia mitatu, eh? Aliogopa usingemchukua." Akafikiri kidogo. "Aliletwa mtoto wetu wa kwanza anaanza darasa la kwanza. Tulikuwa tumemnunulia viatu vipya, Tomi akavitafuna kimoja. Alikuwa mdogo, unambeba kwa kiganja, vijino kama sindano."

"Na mtoto sasa yuko darasa la ngapi?"

"Kaanza kidato cha kwanza mwaka huu."

Nikakata simu nikapiga hesabu nyuma ya bahasha. Kidato cha kwanza Januari 2024, kwa hiyo darasa la kwanza Januari 2017. Mtoto wa mbwa mwenye meno ya sindano, hajafika miezi mitatu. Tomi alizaliwa mwishoni mwa 2016. Miaka saba na miezi kadhaa, katikati kabisa ya ile sita hadi tisa ya mzee wangu wa meno.

Daktari aliposikia akatikisa kichwa, akasema saba si kijana lakini hajawa wa kukatiwa tamaa. Akampima moyo, damu ikaangaliwa, na wiki iliyofuata akampasua. Uvimbe ulikuwa wa mafuta tu. Tomi alilala siku mbili kama mlevi, siku ya tatu akamfukuza kuku wa watu. Mwenzangu aliyetaka aachwe ndiye aliyekuwa akimpelekea uji. Msimwambie nimeandika.

Siku ya kutoa nyuzi, daktari alikuwa anajaza kadi mpya ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Akafika kwenye kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa, akaandika 2016, kisha nikaona kalamu inaelekea kwenye moja.

"Daktari, samahani. Usiweke tarehe 1 Julai."

"Niweke nini sasa?"

"Andika mwishoni mwa 2016, halafu andika makadirio."

Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, lakini akaandika. Herufi zilibanana kwenye kisanduku mpaka zikatoka nje ya mstari.

Jioni nilimpigia baba kumsimulia yote, meno, Wafaransa, viatu vya mtoto wa jirani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo mbwa wako amefanyiwa uchunguzi kuliko mimi." Akacheka sana. Mimi sikuweza kucheka naye.

Wadau, kama bado mna bibi au babu nyumbani, msimuulize alizaliwa mwaka gani. Muulizeni nini kilikuwa kinatokea kijijini mlipozaliwa ninyi, wazazi wenu, na yeye mwenyewe. Andikeni kwenye daftari mapema. Mimi wa kwangu nimechelewa.

Wikiendi njema. Tomi (7, makadirio) anawasalimu.